Wiki ya Yeni na Fataki: Tokyo hadi Nagaoka, Agosti 2024

Jumatano, 31 Julai

Treni ya laini ya Tozai asubuhi haina mkubwa wala mdogo. Tunakaa Nishi-Kasai, mtaa wa mashariki mwa Tokyo uliojaa Wahindi waliokuja kwa kazi za kompyuta. Tulihamia huku kwa sababu ya tumbo: unga wa atta, dengu, iliki na nyama ya halali unavipata kwa miguu. Gharama yake ndiyo hii treni. Mwaka 2019, kabla ya korona, kipande cha kati ya Kiba na Monzen-Nakacho kilipimwa msongamano wa asilimia 199, hakuna kilichokizidi nchini. Siku hizi kuna nafuu kidogo, lakini ukishuka Otemachi utakuta shati lako limepigwa pasi upya kwa mgongo wa mtu mwingine.

Ofisi nzima leo ilikuwa ikiingoja Benki Kuu ya Japani. Wenyewe hawana saa maalumu ya kutangaza uamuzi. Mkutano ukiisha mapema tangazo hutoka mapema, ukichelewa watu huanza kuhesabu dakika, maana kuchelewa kwenyewe ni habari. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana lilipotoka: riba ya msingi imepanda hadi asilimia 0.25, na ununuzi wa hatifungani za serikali utapunguzwa polepole, kutoka yeni trilioni 6 hivi kwa mwezi hadi trilioni 3 mwanzoni mwa 2026.

Najua msomaji wa Mombasa au Dar anacheka. Robo ya asilimia! Riba ya Benki Kuu ya Kenya leo ni asilimia 13. Lakini Japani ilikuwa na riba ya chini ya sifuri tangu 2016, imeitoa huko Machi mwaka huu tu, na kwa miaka mingi yeni imekuwa mkopo wa karibu na bure. Unakopa Tokyo, unabadilisha kuwa dola au peso ya Mexico, unaweka panapolipa, tofauti unaila wewe. Ni biashara tamu mradi yeni isipande. Ikipanda, deni linanenepa na ulichonunua kimekaa palepale, na kila mwenye deni anataka kulipa siku moja na wenzake.

Kazi yangu ni kukaa na kampuni zinazopokea au kulipa dola na kuzifungia mapema bei ya kubadilisha miezi ijayo. Mteja ninayempenda kuliko wote ni mzee wa Yokohama anayeuza magari yaliyotumika, na sehemu kubwa ya magari yake hushukia bandari ya Mombasa. Anajua sheria ya Kenya ya kutopokea gari lililozidi miaka minane kuliko ninavyoijua mimi niliyezaliwa Kisauni. Yeye hulipwa dola na hununua magari mnadani kwa yeni, kwa hiyo mwanzoni mwa Julai, dola moja ilipopita yeni 161, bei ambayo haijaonekana tangu 1986, kwake ilikuwa sikukuu. Nilimshauri afunge walau nusu. Akasema tungoje 165.

Leo usiku dola ilikuwa imeshashuka hadi yeni 150. Alinipigia simu jioni, akanyamaza kitambo, halafu akaniuliza watoto wangu hawajambo.

Nyumbani upepo ulikuwa mwingine. Sisi mshahara ni wa yeni na majukumu ni ya shilingi. Tulipofika nchi hii yeni moja ilikaribia shilingi moja. Mwezi huu yeni laki moja ilikuwa ikifika Kenya kama shilingi elfu 80. Mke wangu, ambaye hajawahi kusoma ripoti ya benki kuu hata moja, alinipokea mlangoni na swali moja: "Baba watoto, imepanda?" Nikamwambia imepanda. Akacheka mpaka mdogo akauliza kuna nini.

Alhamisi, 1 Agosti

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, mazoezi ya viungo bustanini kwa muziki wa redio. Kipindi hicho kinarushwa tangu 1928 na watoto wa likizo hupigiwa muhuri kwenye kadi kila wakihudhuria. Binti yetu ameingia darasa la kwanza Aprili, katika shule ya umma ya hapa mtaani, na kadi ile anaivaa shingoni hata akilala.

Shule zikifunguliwa chakula cha mchana hupikwa hukohuko shuleni. Likizo inahamia kwetu. Kwa kuwa mama yake anafundisha watoto wadogo Kiingereza saa chache (viza yake ya mtegemezi inamruhusu kufanya kazi saa 28 kwa wiki, isizidi), binti anashinda kwenye kituo cha uangalizi cha mtaa, na kila siku lazima aende na kikopo cha chakula. Leo alitaka wali wa kufinyangwa kama wenzake. Mama yake alimwekea huo, na pembeni akamfichia chapati iliyoviringishwa na yai. Kikopo kilirudi kitupu. Alisema chapati aliigawa, na sasa kuna wenzake wawili wanaitaka.

Ofisini soko la hisa lilianza kuteremka. Hakuna aliyepiga kelele.

Ijumaa, 2 Agosti

Nikkei, kipimo cha bei za hisa za Tokyo, imepoteza pointi 2,216. Kwa pointi, hakuna anguko kubwa hivyo tangu Oktoba 1987.

Siku za Ijumaa zenye utulivu huchukua laini ya Chiyoda kutoka Otemachi hadi Yoyogi-Uehara, nikasali katika msikiti mkuu wa Tokyo, ule waliojenga Waturuki upya mwaka 2000 mahali pa ule wa 1938. Bosi wangu ni Mjapani, hajawahi kunihoji, ila huandika kwenye kalenda yake "hayupo" ili mtu asinipangie kikao. Leo sikuthubutu kuinuka. Nilisali adhuhuri kwenye chumba kidogo cha mikutano, miguu yangu ikiwa chini ya meza ya mtu.

Usiku tukifunga mizigo. Kesho tunakwenda Nagaoka kuona fataki; tiketi zake huombwa miezi kabla na tulipata kwa kura, kwa hiyo habari ya kuahirisha haikuwepo. Saa tatu u nusu zikatoka takwimu za ajira za Marekani: wasio na kazi wamefika asilimia 4.3. Nilizisoma nimesimama kwenye ukumbi mwembamba wa mlangoni, soksi za watoto mkononi. Dola ikaporomoka tena mbele ya macho yangu. Mke wangu akaniambia kama nimemaliza na simu, nimletee kofia ya mdogo.

Jumamosi, 3 Agosti

Kutoka Tokyo hadi Nagaoka kwa shinkansen, treni ya kasi, ni kama saa moja na dakika 40. Mpaka Takasaki ni tambarare na majengo. Kisha milima inakaribia, treni inaingia kwenye handaki la Dai-Shimizu, zaidi ya kilomita 22 za giza, watoto wanaona nyuso zao tu kwenye kioo. Ukitoka upande wa pili uko mkoa wa Niigata na dunia imegeuka mashamba ya mpunga, kijani hadi miguuni mwa milima.

Uzuri wa Jumamosi kwa mtu wa kazi yangu ni kwamba soko la fedha limefungwa dunia nzima. Hata ukiitazama simu, namba hazisogei.

Kutoka kituoni hadi kingo za mto Shinano ni mwendo wa nusu saa, na barabara yote ni vichwa vya watu. Joto lilikuwa kali. Julai iliyopita ilikuwa ya joto kuliko Julai zote zilizoitangulia tangu Japani ianze kuweka kumbukumbu mwaka 1898. Tulitandika mkeka kwenye nafasi yetu. Jirani yetu wa mkeka, bibi mmoja aliyevaa yukata ya buluu, ile kimono nyepesi ya kiangazi, alikuwa na mfuko wa edamame, soya changa za kuchemsha, na kabla hatujakaa vizuri alikwishawapa watoto. Mdogo wetu, ambaye nyumbani hali maharage hata kwa bakora, alikula zote.

Bibi ndiye aliyetueleza kwa nini sherehe haihami tarehe. Miji mingine hupeleka fataki zake wikiendi ili wageni wawe wengi. Nagaoka ni Agosti 2 na 3 kila mwaka, hata iangukie Jumanne. Usiku wa Agosti 1, 1945, majira ya saa nne u nusu, ndege za Marekani zilikuja na mabomu ya moto, mji ukateketea karibu wote, wakafa watu zaidi ya 1,400, wiki mbili tu kabla vita havijaisha. Wengi walikimbilia mto mdogo wa Kakigawa na wakafia humo. Mama yake alikuwa msichana. Alinusurika kwa sababu alikimbia upande mwingine, na uzeeni hakuwahi kuja kutazama fataki: mlio ulikuwa uleule.

Saa moja na dakika 20 taa zikapungua na fataki za kwanza zikapanda polepole: nyeupe tupu, hazina rangi nyingine, moja, kisha kimya, kisha nyingine. Hizo ni za marehemu. Watu maelfu kwa maelfu na hakuna aliyepiga makofi. Bibi aliweka viganja pamoja. Mke wangu akasoma Fatiha kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo ndipo shangwe ikaanza. Kuna fataki moja ambayo tufe lake lina upana wa karibu sentimita 90. Hutangazwa kwa king'ora, inapanda kama mita 600, halafu duara linafunguka zaidi ya nusu kilomita na sauti inakuja nyuma yake, inakupiga kifuani. Mdogo alijifunika masikio na kusema "tena" kila ilipoisha. Na kuna ile ya Phoenix, iliyoanza baada ya tetemeko la Oktoba 2004 lililoupiga mkoa huu: fataki zinarushwa kwa pamoja kwenye ukingo wa kama kilomita 2, hujui utazame wapi. Nilimtazama binti yangu badala yake. Alikuwa amefungua daftari la picha la likizo na anajaribu kuchora gizani.

Kurudi kituoni kulichukua zaidi ya saa nzima, mdogo mgongoni, amelala. Shirika la reli lilikuwa limeongeza treni. Watu walipanga foleni kama mchana, hakuna msukumano. Tukashukia Echigo-Yuzawa, karibu nusu saa kusini, kwa kuwa Nagaoka vyumba huisha mapema sana.

Jumapili, 4 Agosti

Yuzawa ni mji wa theluji. Kiangazi hauna kazi. Nilitoka alfajiri peke yangu nikatembea, na kitu kilichonivutia hakikuwa milima, ni maghorofa. Mji mdogo wa bonde, lakini una zaidi ya majengo marefu 50 ya vyumba, mengi yakiwa ya miaka ya mwisho ya themanini na mwanzo wa tisini. Enzi hizo pesa Japani zilikuwa kama maji, na mfanyakazi wa ofisi Tokyo alikopa mamilioni ya yeni kununua chumba cha kufikia akija kuteleza kwenye theluji. Desemba 29, 1989, Nikkei ilifunga kwenye 38,915. Kisha povu likapasuka. Ilichukua hadi Februari 22 mwaka huu soko kurudi kwenye kile kilele, miaka zaidi ya 34.

Siku hizi baadhi ya vyumba hivyo vinauzwa kwa yeni laki moja. Chumba, si kodi ya mwezi. Sababu ni kwamba mwenye nacho hulipa ada ya matengenezo kila mwezi pamoja na kodi ya serikali milele, akae asikae, hivyo anayekuuzia anakuomba umpokee mzigo. Nilisimama mbele ya dirisha la dalali nikisoma bei moja moja. Kwetu Pwani kiwanja hakishuki bei, tunaambiana hivyo tangu utotoni, na nikawaza kwamba mwaka 1989 hapa pia watu waliambiana hivyo hivyo.

Mke wangu alipoona picha nilizopiga alisema: "Tukinunua kimoja tutawaweka kuku."

Kabla ya treni tulinunua zawadi ya ofisi, maana hapa mtu harudi kazini kutoka safari mikono mitupu. Tulichukua sasadango, maandazi ya unga wa mchele yaliyochanganywa na mmea wa kijani uitwao yomogi, ndani maharage mekundu ya sukari, nje yamefungwa kwa majani ya mwanzi uitwao sasa na kamba. Sanduku la ishirini.

Jumatatu, 5 Agosti

Niliingia ofisini kabla ya saa moja na watu walikuwa wamenitangulia. Simu za dhamana zilikuwa zimeanza: aliyekopa yeni anaambiwa aongeze pesa au auziwe alichonacho, naye ili apate pesa anauza, na kuuza kwake kunamlazimisha mwingine auze. Saa tatu soko la hisa likafunguliwa na hapakuwa na mnunuzi. Biashara ya mikataba ya bei za baadaye za Nikkei ikasimamishwa kwa muda kama kanuni zinavyotaka bei ikivuka mpaka, ikafunguliwa, ikaendelea kushuka. Dola ilikuwa 146, kisha 144, kisha kwa dakika chache ikaonekana chini ya 142.

Watu hudhani siku kama hiyo ofisi inakuwa na makelele. Yetu ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia printa. Kila mtu alizungumza na simu kwa adabu ileile ya kila siku, maneno ya heshima yote, hakuna lililofupishwa. Mzee wa Yokohama alipiga saa nne. Sikumkumbusha ushauri wangu wa Julai na yeye hakuutaja. Aliuliza kama afunge sasa kwa 143. Nilimwambia siwezi kumwamulia, ila siku ya moto si siku ya kupima nyumba. Akasema tungoje mpaka Jumatano.

Sanduku la sasadango lilikaa juu ya kabati la mafaili tangu asubuhi na hakuna aliyeligusa. Saa tisa alasiri kengele ya kufunga: 31,458, pungufu ya pointi 4,451, asilimia 12.4. Rekodi ya 1987 ilikuwa 3,836. Mama mmoja wa idara ya malipo, mtu mzima ambaye amebakiza miaka michache astaafu, akainuka, akalishusha sanduku, akapita meza kwa meza akigawa. Watu walikula wamesimama, wakifungua kamba na majani kwa uangalifu, vidole vikinata. Alipofika kwangu alisema mwaka 1987 alikuwa kidato cha pili na baba yake hakula chakula cha usiku ule.

Nilifika nyumbani saa nne usiku. Mke wangu alikuwa na mashitaka mawili. La kwanza, mama wa rafiki wa binti yetu amemwandikia ujumbe wa simu kwa LINE. Ameweka akiba ya nyumba yao kwenye akaunti ya NISA, ile isiyotozwa kodi ya faida ambayo serikali iliipanua Januari na mamilioni ya watu wakaikimbilia, sasa anauliza auze au asiuze, kwa kuwa mumeo yuko benki. Mimi sheria za kazi zinanikataza kumshauri mtu kibarazani. Mke wangu hazimkatazi. Alikwishamjibu: pesa ya kula mwaka huu isingekuwa huko, na ya uzeeni haina haraka. Sikuwa na la kuongeza.

La pili, karo. Muhula wa tatu Kenya unafunguliwa Agosti 26 na watoto wa marehemu kaka yangu wanangoja. Kwa bei ya leo yeni laki moja inafika karibu shilingi elfu 91. Mimi nikasema, tuvute subira siku mbili, yeni inaweza kufika 140. Akaniangalia.

"Usiache mbachao kwa msala upitao. Leta simu."

Saa tano kasorobo pesa zilikuwa M-Pesa ya mamangu. Mama akapiga kushukuru, akauliza mbona mwezi huu zimezidi, nimepandishwa cheo?

Jumanne, 6 Agosti

Saa mbili na robo asubuhi runinga ya kituoni ilionyesha Hiroshima, dakika ya ukimya ya mwaka wa 79. Baadhi ya abiria walisimama.

Nikkei imepanda pointi 3,217, haijawahi kupanda hivyo kwa siku moja. Na Kenya nayo imepunguza riba leo, kutoka 13 hadi 12.75. Robo asilimia huku, robo asilimia kule.

Jumatano, 7 Agosti

Naibu gavana wa Benki Kuu, Uchida Shinichi, alikuwa na hotuba Hakodate. Alisema hawatapandisha riba masoko yakiwa hayajatulia. Ilitosha. Yeni ikalegea, dola ikarudi 147. Mzee wa Yokohama akafunga nusu ya dola zake na akanialika kwenda kuangalia magari yakipakiwa melini.

Mke wangu alipiga hesabu ya laki moja kwa bei ya leo: imepungua zaidi ya shilingi elfu mbili. Alinionyesha kikokotoo, hakusema neno, akarudi jikoni.

Alhamisi, 8 Agosti

Saa kumi na dakika 43 jioni, tetemeko la ukubwa wa 7.1 baharini karibu na Miyazaki, kusini kabisa. Saa moja na robo usiku mamlaka ya hali ya hewa ikatoa tahadhari ya tetemeko kubwa la bonde la Nankai lililo chini ya bahari, mara ya kwanza tangu mfumo huo uanze. Maana yake uwezekano umeongezeka kuliko siku za kawaida, watu wajiweke tayari kwa wiki moja. Ofisini tumetumiwa waraka wa nani anaingia na nani anafanyia kazi nyumbani.

Tulimwaga mfuko wa dharura sebuleni: maji, tochi, redio, dawa, pampasi za zamani za mdogo ambazo hazimtoshi tena. Na bahasha ya pesa. Umeme ukikatika, kadi na simu hazilipi kitu, hivyo kila mfuko wa nyumba ya Kijapani una noti ndogo na sarafu. Ndani nilikuwa nimeweka noti mpya zilizotolewa Julai 3, zenye sura ya Shibusawa Eiichi, aliyeanzisha benki ya kwanza ya kisasa ya nchi hii mwaka 1873. Mfanyakazi wa benki yeyote angeweka hizo. Mke wangu akazitoa.

"Mashine za vinywaji hapo chini bado hazizikubali. Weka zile za elfu moja za zamani."

Za zamani zina sura ya Noguchi Hideyo, daktari aliyekufa Accra mwaka 1928 akitafiti homa ya manjano. Binti alizihesabu, akazifunga kwa mpira, akaongeza sarafu za yeni 100 kutoka kibubu chake na kuniandikisha deni. Nilikuwa pia na dola mia mbili kwenye droo, nikauliza kama nazo niziweke.

"Tokyo ikitikisika, hizo dola utamuuzia nani?"

Nimezirudisha kwenye droo. Pampasi tumezitupa, na mahali pake tumeweka soksi na pakiti mbili za biskuti.